Mkono wa Kwanza

Mwalimu wangu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye vidole vifupi vilivyokakamaa kama mizizi ya mkoko. Jioni ile alikuwa amenikalia tumboni, magoti yake yamebana mbavu zangu, nami nimelala chali mkekani nikijaribu kila nilichokijua, ambacho kilikuwa kidogo. Hakuwa na haraka. Kwa mkono wa kushoto aliuvuta upande mmoja wa ukosi wa koti langu la judo, akautenga na kifua, ukawa wazi kama mdomo wa mfuko. Mkono wa kulia ukapenya humo, vidole vinne ndani, dole gumba nje, ukapanda taratibu kando ya shingo hadi nikahisi vifundo vya vidole vyake vimefika kisogoni. Kisha akatulia. Sikuumia. Sikukosa pumzi. Nilidhani hajaanza.

"Bado sijakukaba," akaniambia kwa sauti ya chini, "lakini umeshachelewa."

Mkono wa kushoto ukakatiza ule wa kulia, ukashika ukosi wa upande wa pili karibu na bega. Viwiko vyake vikarudi kwenye mbavu zake mwenyewe, kichwa chake kikashuka mpaka mkekani jirani na sikio langu. Hapo sauti za ukumbini zikaanza kwenda mbali, kama sauti za watu walio ufukweni unapozisikia ukiwa umezama. Niligonga bega lake mara mbili. Akaachia papo hapo.

Ni miaka mingi sasa. Tangu siku hiyo nimekabwa kwa ukosi mara zisizo na idadi, nami nimewakaba wengine kwa kiasi changu, na bado kinachonivuta si ule mwisho unaoshangiliwa na watazamaji. Ni ule mkono wa kwanza, unaoingia mapema wakati hakuna dalili ya hatari, ukakaa pale ukingoja. Kwangu mimi kazi yote imo humo, na yanayofuata ni kumalizia tu.

Mitaa yetu ina msamiati wake wa kukabana, na si msamiati wa heshima. Tanzania mtu hupigwa kabali, au roba ya mbao. Nairobi hupigwa ngeta. Kote ni mkono wa mtu aliyejitokeza nyuma yako gizani, akakubana koo wakati mwenzake anapekua mifuko. Ukimwambia mzazi kwamba mwanawe anakwenda kujifunza kukaba, hofu inayompanda usoni ina sababu. Lakini tofauti ya kabali ya uchochoroni na ile ya mkekani haimo kwenye nia peke yake. Imo pia mahali panapobanwa.

Shingoni mna njia mbili za uhai zinazopita jirani. Mbele liko bomba la hewa, gumu, la gegedu. Ukilibana linauma, mtu anakohoa na kupapatika, na unaweza kumvunja kitu kisichopona upesi. Pembeni, kulia na kushoto, imo mishipa ya karotidi inayopandisha damu kichwani, na kando yake ile inayoirudisha moyoni. Hii ni laini. Nguvu ya kuifunga ni ndogo mno ukiilinganisha na ile ya kuliziba bomba la hewa. Ubongo wenyewe ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 15 ya damu ambayo moyo unaisukuma mtu akiwa ametulia, na hauna akiba. Pande zote mbili zikizibwa barabara, mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde 10 hivi. Akiachiwa mara moja huzinduka baada ya sekunde 10 au 20, akiwa anashangaa yuko wapi. Kwa sababu hiyo tendo hili halina mahali pengine pa kufanyiwa ila mkekani, mbele ya mwalimu, na mwenzako akijua kwamba ukigonga ataachia.

Kwa mwenye ujuzi, basi, kikohozi cha mpinzani ni aibu. Maana yake mfupa wa mkono umeangukia koromeo badala ya kulala pembeni. Nimemwona mwalimu wangu akiachia mwenyewe, mpinzani hajagonga wala hajakaribia kugonga, kwa sababu tu amesikia kikohozi. Alirudi mwanzo, akaupanga mkono upya.

Kiswahili kinaiita sehemu ile ya nguo ukosi, na wazee walilitumia neno hilo hilo kwa nyuma ya shingo. Nguo imechukua jina la mahali inapolala. Sijui neno lingine linalofaa zaidi kwa somo hili, maana mkono wa kwanza unapoufuata ukosi wa nguo, unakokwenda ni kwenye ukosi wa mwili.

Asiyelifahamu vazi lenyewe asifikirie kola ya shati. Koti la judo halina vifungo. Linakunjwa upande mmoja juu ya mwingine na kufungwa mkanda, na ukosi wake ni utepe mrefu, mnene, unaoanza pindoni upande wa kulia, unapanda kifuani, unazunguka nyuma ya shingo, kisha unashuka hadi pindoni upande wa kushoto. Aliyewahi kuona joho la bwana harusi wa pwani, lenye urembo unaotoka shingoni na kuteremka pande zote mbili za mbele, ameshaona umbo lake. Kitambaa hukunjwa mara kadhaa na kushonwa kwa mistari mirefu ya uzi hadi kinakuwa kigumu kama mshipi. Shirikisho la kimataifa la jiujitsu ya Kibrazili, mchezo uliozaliwa na judo, linaagiza ukosi uwe na unene wa sentimita 1.3 na upana wa sentimita 5, na agizo hilo lina maana kubwa: ukosi ukizidi unene, vidole havifungi na kitambaa hakipindi, na mwenye kuuvaa amejijengea ukuta shingoni.

Sasa tazama kinachotokea. Ukosi umeshazunguka nyuma ya shingo wenyewe, bila mtu yeyote kuuzungusha. Nusu ya kitanzi mpinzani alikivaa nyumbani kwao, akakifunga mkanda, akaja nacho. Kinachobaki kwa mkabaji ni kuifunga nusu ya mbele kwa mikono yake. Na nusu hiyo ya mbele ndipo ufundi unapoishi, kwa kuwa kati ya kitambaa na ngozi daima kuna nafasi. Koti lililolegea, jasho, kidevu kilichoinamishwa, bega lililopandishwa: vyote hivyo ni nafasi, na nafasi ndiyo pumzi ya mtu anayekabwa. Mwanafunzi huiziba nafasi kwa nguvu. Huvuta, hutetemeka, mikono inajaa moto, na baada ya dakika moja hawezi hata kukunja ngumi. Fundi huondoa nafasi kabla ya kuvuta. Akifika kwenye kuvuta, hakuna tena kilichobaki cha kuvutwa.

Hilo ndilo alilokuwa akilifanya mkono wa kushoto wa mwalimu wangu pale mwanzo, ulipoushika ukosi chini kifuani na kuukaza. Mimi nilidhani anaufungua tu. Alikuwa anaufungua ili kiganja kipite, kisha anauteremsha ili ulegevu wote uliokuwa nyuma ya shingo uje mbele, upite ndani ya kiganja cha kulia, na usirudi. Mkono mmoja unashika, mwingine unaulisha. Ukiuangalia kwa jicho la haraka huoni lolote, ila kitambaa kimesogea upana wa vidole vitatu. Upana huo wa vidole vitatu umewaangusha watu wakubwa.

Mbinu hizi zilikuwepo kabla ya judo. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, kwenye chumba cha mikeka 12 na wanafunzi 9 wa mwaka wa kwanza, alikuwa ameshapita mikononi mwa walimu wa shule mbili za jujutsu. Kito-ryu ilimpa utamu wa kuangusha. Tenjin Shin'yo-ryu, aliyoianza kwa mwalimu Fukuda Hachinosuke, ndiyo iliyokuwa na hazina ya kukaba. Kano alichuja. Mapigo ya ngumi na mateke aliyatoa kwenye mazoezi ya kupambana kwa uhuru, na mbinu nyingi za kuvunja viungo akazitoa vilevile, kwa sababu hazifanyiki kwa nguvu zote bila kumharibu mwenzako. Kukaba kulibaki. Nimelifikiria hilo sana. Jambo linalosikika la kutisha kuliko yote ndilo lililoonekana kufaa kwa mazoezi ya kila siku, kwa kuwa linaweza kufanywa kikamilifu na kuachwa kabla ya madhara. Huwezi kumtupa mtu nusu akabaki hewani. Unaweza kumkaba hadi ukingoni kabisa, akagonga, mkaanza upya.

Katika miaka ya themanini ya karne ile Kodokan ilitunga Katame no Kata, onyesho rasmi la kazi ya chini: mbinu 15, yaani 5 za kumgandamiza mtu, 5 za kukaba na 5 za kubana viungo. Kati ya zile 5 za kukaba, ni moja tu inayotumia mikono mitupu. Nne zinahitaji ukosi. Ukibahatika kuliona onyesho hilo likifanywa na wazee wenye mikanda ya daraja la juu, utaona jinsi mshambuliaji anavyosogea kwa goti, ananyoosha mkono, anafungua ukosi wa mwenzake kwa adabu ya mtu anayefunua pazia la nyumba ya watu, na ukumbi mzima umenyamaza. Majina hutajwa kwa Kijapani, na kwa Kijapani ndivyo yanavyotajwa pia Unguja, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliwalea vijana wa visiwani katika judo, na kwenye kumbi za Dar es Salaam na Nairobi. Juji ni umbo la msalaba, lililotokana na herufi ya namba kumi. Eri ni ukosi. Jime ni kukaba, kukaza.

Familia ya juji-jime ina ndugu watatu, na wanatofautishwa na viganja tu. Viganja vyote vikitazama chini, madole gumba yakiwa ndani ya ukosi, huyo ni nami-juji. Vyote vikitazama juu, vidole vinne ndani, ni gyaku-juji. Kimoja juu na kimoja chini, ni kata-juji. Asiyezoea ataona ni utani wa majina. Lakini shika ukosi wa shati lako kwa namna hizo mbili na uuzungushe mkono. Kiganja kikiwa juu, kifundo cha mkono huingia ndani na mfupa wa upande wa dole gumba hugeuka kulalia shingo. Kiganja kikiwa chini, ngumi yenyewe inakuwa nguzo na kazi inakwenda kwenye upande wa kidole kidogo. Kwa vyovyote, mwendo si wa kuvuta mikono kwenda pembeni kama mtu anayerarua gunia. Ni mwendo wa kukamua kanga: ngumi mbili zinageuka kwa pamoja, kila moja upande wake, na kitambaa kinajipinda katikati. Viwiko vinarudi mwilini. Kifua kinafunguka. Ndugu yangu mmoja ambaye hajawahi kukanyaga mkeka aliniona nikifanya hivyo hewani, akasema nafanana na mvuvi anayevuta kasia. Alikuwa sahihi.

Mgongoni mambo hubadilika. Okuri-eri-jime, kukaba kwa ukosi unaotelezeshwa, ndiyo mbinu ninayoipenda kuitazama ikifanywa na mtu mwingine. Mshambuliaji yuko nyuma, kifua chake kimeshikamana na mgongo wa mpinzani. Mkono mmoja unapita chini ya kwapa na kuushika ukosi kifuani, unauteremsha, unaukaza. Mkono mwingine unazunguka mbele ya shingo na kuupokea ukosi huo juu kabisa, chini ya sikio la upande wa pili, dole gumba likitangulia ndani. Angalia neno kupokea. Mkono wa kwapani unatoa, mkono wa shingoni unapokea, kama watu wawili wanaopakuana mizigo jahazini. Mkono wa kwapani ukishamaliza kutoa, unahamia ukosi wa upande wa pili na kuvuta chini. Mpinzani mwerevu hupambana kwa ajili ya ile hatua ya kupokea. Ataachia mengine yote, atavumilia uzito, atakubali kugandamizwa, lakini ataushika kwa mikono miwili ule mkono unaotaka kufika chini ya sikio. Anajua ukifika hakuna tena la kujadili.

Zipo nyingine nyingi, nami sitazipitia zote. Ile ambayo mkabaji hushika ukosi kwa mkono mmoja na goti la suruali kwa mwingine, akajinyoosha mpaka mpinzani anakuwa kama upinde uliopindwa, ina nguvu ya kutisha na watu wengi huipenda kwa hilo. Ile ya kuzunguka kichwa cha mtu aliyejikunyata kama mshale wa saa ndiyo mpambanaji Mbrazili Wallid Ismail aliyoitumia kumkaba Royce Gracie, wa ukoo nitakaoutaja hivi punde, ufukweni Copacabana mwaka 1998, na Royce alilala bila kugonga. Zote hizo ni matawi. Ukilifuata tawi lolote hadi shinani utakuta mkono mmoja ulioingia mapema ndani ya ukosi.

Brazil ilipata mbinu hizi kutoka kwa mtu wa Kodokan. Mitsuyo Maeda alifika huko mwaka 1914, akaweka makazi Belém karibu na mdomo wa Amazon, na miongoni mwa vijana waliojifunza kwake ni Carlos Gracie. Kutoka kwa Carlos ujuzi ulipita kwa ndugu zake, akiwemo mdogo wao Hélio, mtu mwepesi wa mwili aliyefanya maisha yake yote kuwa swali moja: mdogo atamshindaje mkubwa aliyekwisha kumlalia?

Septemba 29, 1951, São Paulo, Hélio alipambana na Yukio Kato, mwanajudo kijana aliyekuja Brazil katika msafara mmoja na bingwa wa judo Masahiko Kimura. Wiki chache kabla, pambano lao la kwanza lilikwisha sare. Safari hii, kwa masimulizi ambayo Kimura mwenyewe aliyaandika baadaye, Kato alimwangusha Hélio, akamwendea chini, na kila mmoja akamtia mwenzake juji-jime. Wawili wale walikuwa wameshikana kosi kwa wakati mmoja, mmoja juu, mmoja chini, mbinu ni ile ile. Watazamaji wangeweza kudhani wa juu ndiye mwenye faida, ana uzito wa dunia upande wake. Lakini aliyeanza kubadilika rangi alikuwa Kato, na pambano likasimamishwa akiwa amezidiwa na usingizi. Hélio alibakiza siku mbili kutimiza miaka 38.

Siku ile sikuwepo, wala hakuna picha inayoweza kunionyesha ndani ya viganja vyao. Bado nikiifikiria naona mkono mmoja tu. Watu wawili wenye silaha sawa, na mmoja wao amefika ndani zaidi. Labda kwa upana wa vidole vitatu. (Kimura alilipa deni la mwenzake Oktoba 23 kule Maracanã kwa kuupinda mkono wa Hélio, na tangu hapo kupinda huko kunaitwa kimura ulimwenguni kote. Hilo ni somo lingine.)

Judo na jiujitsu ya Kibrazili zimegawana urithi huu kwa namna mbili tofauti, nami siwezi kuficha kwamba upande mmoja unanigusa zaidi. Katika judo ya mashindano, mwamuzi akiona kazi ya chini imekwama anasimamisha na kuwainua. Mkabaji wa judo basi hana budi kuwa mwepesi: mpinzani anaanguka, na kabla hajakusanya akili mkono umeshaingia. Kanuni zake pia zinakataza kukaba kwa mkanda au kwa pindo la koti. Zamani Wajapani wenyewe walikuwa na uwanja mwingine: kuanzia 1914 shule za juu ziliandaa mashindano chini ya Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto ambapo vijana waliruhusiwa kubaki chini kadiri walivyotaka, na huko kazi ya mkekani ilikomaa mno. Jiujitsu ya Brazil imebaki na moyo huo. Pambano la mkanda mweusi huchukua dakika 10, na mtu akikukalia kifuani dakika 6 hakuna wa kumwondoa ila wewe. Hapo subira inapata mahali pa kukaa.

Daraja kati ya nyumba hizo mbili halijawahi kukatika. Mwanajudo wa Brazil Ezequiel Paraguassú, alipokuwa akijiandaa kwa Olimpiki ya 1988, alikwenda kufanya mazoezi na watu wa jiujitsu wa Rio. Walimfunga katikati ya miguu yao, naye akawa anatia vidole ndani ya mkono wa koti lake mwenyewe, anaizungusha ngumi shingoni mwao na kuwakaba wakiwa wanaamini wako salama. Wajapani waliiita mbinu hiyo sode-guruma, gurudumu la mkono wa nguo. Wabrazili wakaipa jina la mgeni wao, na leo ni ezequiel tu.

Halafu yuko Roger Gracie, mjukuu wa ukoo ule ule, mrefu, mpole wa uso, aliyehamia London na kufungua ukumbi wake huko. Ana mataji 10 ya dunia ya mkanda mweusi. Mwaka 2009, kwenye mashindano ya dunia kule California, alishinda uzito wake na uzito huria, na kila aliyekutana naye aligonga. Silaha yake ilikuwa juji-jime ya kumkalia mtu kifuani. Ni somo la siku za mwanzo kabisa. Ndilo hilo hilo mwalimu wangu alilonifanyia mimi mwenye mkanda mweupe. Waliopambana naye walikuwa mabingwa wa dunia, wanajua anakuja na nini, wamejiandaa miezi kwa ajili ya jambo hilo moja, na bado wakagonga.

Nimetazama mapambano yake mara nyingi, nikirudisha nyuma, nikisimamisha. Mwanzoni nilikuwa natafuta siri ya mwisho: anakunja vipi kifundo cha mkono, anaelekeza wapi kiwiko. Baadaye nikaacha kutazama mwisho. Tazama Roger anapofika juu tu. Hakimbilii shingo. Anapanda na magoti yake hadi kwapani mwa mpinzani, viwiko vya yule aliye chini vinatengana na mbavu, na bila viwiko mtu hana nguvu ya kusukuma. Mkono wa kwanza unaingia hapo, wakati mpinzani anahangaikia magoti. Ukishaingia Roger anatulia, wakati mwingine kwa muda mrefu unaomfanya mtazamaji asiyejua aone pambano limelala. Simba mwendapole ndiye mla nyama. Mpinzani akijaribu kuung'oa mkono ule, anainua viwiko na kutoa nafasi ya magoti kupanda zaidi. Akijaribu kupindua kwa daraja la kiuno, kila mtikisiko unakula kidogo cha ulegevu uliobaki, na mkono unazama ndani zaidi. Akitulia, mkono wa pili unakuja. Yote anayofanya yanafanya kazi ya Roger.

Julai 2017 mjini Rio, akiwa na miaka 35, alirudi kupambana na Marcus Almeida, aitwaye Buchecha, aliyekuwa bingwa wa zama zilizofuata na mdogo kwake kwa zaidi ya miaka minane. Wengi walidhani muda umempita. Alimpata mgongoni na kumkaba kwa ukosi, kisha akastaafu.

Kuna sehemu moja ya ufundi huu ambayo haiandikwi kwenye orodha yoyote ya mbinu, nayo ni kuachia. Mikono inayojua kukaza lazima isikilize. Mwenzako anagonga bega, anagonga mkeka, au mikono yake ikiwa imebanwa anagonga kwa mguu, na wapo wanaosahau kugonga kwa ukaidi au kwa kuchelewa kujua. Mkabaji mzuri anahisi mwili wa mwenzake ukilegea kabla mwamuzi hajaona. Nilipoanza kufundisha vijana mwenyewe, hilo nililiweka mbele ya vishiko vyote. Wanafanya wawili wawili, macho wazi, kwa nguvu ndogo, na kazi yao ya wiki nzima ni kuingiza mkono wa kwanza, kuukaza ukosi, kisha kuachia. Hawakabani. Wengine huchoka na kulalamika kwamba tunarudia kitu kile kile. Huwa nawakalia kifuani mmoja mmoja, natia mkono, natulia, nawaacha wajaribu kutoka.

Mwalimu alipohama mji aliniachia koti lake kuukuu. Limekuwa jembamba kiasi cha kuona mwanga mabegani, siwezi tena kulivaa mkekani, lakini nimelitundika ukutani ukumbini na vijana huligusa wanapopita. Mkanda haupo. Magoti ya suruali yake yalishachanika zamani. Ukosi bado ni mzima karibu wote, mishono imesimama, isipokuwa sehemu moja upande wa kulia, juu, jirani na pale palipokuwa na lebo. Hapo uzi umekwisha kabisa na kitambaa cha ndani kimetokeza, kimelainika, kimeingia weusi wa jasho la watu wengi. Ukipima, ni upana wa vidole vinne.